Mguu Uliomngoja Daktari

6 Februari

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baba mdogo na watoto wake wanakuachia nafasi ya kupumua. Mimi sijambo. Bado niko kwenye chumba kile kile cha ghorofa ya tatu, nyumba ya wafanyakazi wa hospitali, na jirani wa juu bado anaburuta viti alfajiri kana kwamba analipwa kwa kazi hiyo. Najua simu huitaki, unasema ukiongea nyumba nzima inaacha shughuli zake kukusikiliza. Basi nimerudi kwenye kalamu.

Kazi inaendelea vizuri. Mwaka huu ndio wa mwisho. Mwezi wa tisa nina mtihani wa kuwa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa, na nikipita nitakuwa mwanamke wa kwanza katika idara hii tangu ifunguliwe. Kabla ya mtihani lazima Mkuu wa idara athibitishe kwamba naweza kubadilisha nyonga bila kushikwa mkono. Ni yule ninayekuambiaga haongei. Anapenda meza ya upasuaji iwe juu, kwa urefu wake, na mtu akiishusha yeye anaipandisha tena bila neno. Nimetafuta kigoda cha kusimamia, wauguzi wananiwekea. Wiki hii nimenyoosha nyayo za watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Wanalia, wananikojolea, halafu wananicheka.

Sasa Bibi, mama alipopita huko aliniambia kwamba unashika ukuta ukitoka chumbani. Ni nyonga ile ya kushoto, siyo? Nyonga iliyolika haiponi kwa kusuguliwa dawa. Inatolewa, inawekwa ya bandia, na mtu anarudi kutembea. Mkuu anazifanya kila wiki. Njoo akuangalie tu, kuangalia hakuumizi.

Mjukuu wako anayekuwaza.

27 Februari

Kwako mke mwenzangu, uliyeniachia mume peke yangu hadi nikamzika,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa habari, ya pili kutafuta makosa. Hujambo kwa mwandiko, kwa daktari ni ajabu. Hapa wote wazima. Baba yako mdogo amenunua kuku wa mayai, wanakula kuliko wanavyotaga, naye anawatetea kama ndugu zake. Mkewe amemnyamazia, na mimi namnyamazia pia ila kwa shida.

Katibu wa mtaa alipita juzi kuniuliza tena kama kweli wewe unapasua mifupa au ni nesi, na kama ni kupasua, nguvu unatoa wapi. Nikamjibu kwa adabu, nikamsindikiza hadi mlangoni kwa adabu hiyo hiyo. Marehemu babu yako angemtolea bakora. Mimi nimestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, nimezoea kusikiliza upuuzi hadi mwisho.

Mguu hauna neno. Una kiburi asubuhi, ukishapata chai unanyenyekea. Huyo Mkuu wako simtaki, sina ugomvi naye. Siku ya kupasuliwa ikifika, mwenye kunipasua atakuwa wewe. Nimeshawaambia hivyo watu wote hapa, na mimi nikisema neno mbele ya watu silifuti.

Kula vizuri. Mama yako anasema umekonda, lakini yeye huona kila mtu amekonda.

Bibi yako mwenye shingo ngumu.

20 Machi

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za kuku. Mwambie baba mdogo asiwape majina, akiwapa majina hatamchinja hata mmoja.

Bibi, hilo la mimi kukupasua haliwezekani, na siyo kwamba sitaki. Sisi hatuwapasui ndugu zetu, ni kanuni, na ni kanuni nzuri. Kinyozi hajinyoi. Mkono unaomjua aliyelala pale mezani unaogopa, na mkono unaoogopa hukata pasipo pake. Hata Mkuu, mkewe alipovunjika kiwiko, alikaa nje kwenye benchi na magazeti asiyoyasoma. Kwa hiyo usiningoje mimi. Nyonga haingoji mtu. Mtu akiacha kuutumia mguu nyama zinanyauka, na zikinyauka sana hata kazi nzuri ya daktari haimsimamishi vizuri.

Njoo mwezi ujao. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala chini. Mabasi ya asubuhi yana viti vizuri na baba mdogo atakusindikiza.

Huku kazi nzuri. Mtoto wangu mmoja wa nyayo amesimama kwa mara ya kwanza, mama yake akanirushia mtoto mikononi na kukimbia kumpigia simu baba yake. Nilibaki naye hadi akasinzia.

Nijibu upesi.

Mjukuu wako.

2 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Usilaumu posta, barua yako ilifika mapema. Mimi ndiye niliyeiweka. Kwanza palikuwa na mafua, halafu shemeji wa baba yako mdogo akaja kukaa siku mbili akakaa mwezi, na mgeni wa aina hiyo hakuachii nafasi ya kushika kalamu.

Kuku wamepewa majina. Umechelewa.

Tumebadilisha mambo kidogo hapa nyumbani. Kitanda changu wamekihamishia sebuleni, kuna hewa nzuri zaidi, na naona wanaopita barabarani. Wajukuu wananiletea chai hapo hapo, najisikia kama hakimu. Ya kutembea nimeyapunguza kwa sababu ya jua.

Kanuni yako nimeielewa, wala sitabishana na kanuni, nimezipiga chapa za kutosha. Ila nami nakuuliza. Tangu mwaka uanze unaniandikia nyayo za watoto. Nyayo, nyayo, nyayo. Uliniambia mtihani wako ni wa nyonga. Mbona hakuna nyonga katika barua zako? Nimekaa miaka mingi nikiandika maneno ya mashahidi. Yale wanayoyaruka ndiyo niliyozoea kuyatafuta.

Bibi.

18 Juni

Bibi,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe.

Baba mdogo amenipigia simu. Amesema sebuleni hukuhamia kwa ajili ya hewa. Amesema anakushika kwenda chooni na kukushika kurudi, na usiku unauma mto ili watoto wasisikie. Amesema umemkataza kuniambia, na ameniambia huku ananong'ona kwenye banda la kuku. Nilimsikiliza nimesimama kwenye korido ya wodi na faili za watu mkononi, nikashindwa kuingia kwa mgonjwa. Nimekukasirikia, Bibi. Sijawahi kukukasirikia hivi.

Umeuliza kuhusu nyonga, na kwa kuwa mimi nakudai ukweli, wangu huu hapa. Sijafanya hata moja peke yangu. Mkuu ananiacha nipasue, nifike kwenye mfupa, nisafishe. Ikifika kupigilia chuma ndani ya mfupa wa paja, ananyoosha mkono, nami nampa nyundo. Kwa wenzangu wanaume mkono haunyooshi. Sijamuuliza sababu, nadhani naogopa jibu. Na wiki mbili zilizopita, alipokuwa safarini, tulimwandaa mama mmoja wa makamo ya mama mkubwa, nyonga zake zimekwisha kabisa. Alipojua ni mimi nitakayempasua, akaomba kadi yake akarudi nyumbani. Alinitakia heri ya mume mwema, kwa upole kabisa. Siyo wa kwanza, ila yeye ndiye aliyeniuma, kwa kuwa alikuwa ananipenda tangu aingie wodini.

Mkuu asiponithibitisha kabla ya mwisho wa Agosti, sifanyi mtihani. Nafasi yangu atapewa mwingine, na sijui kama kuna idara nyingine itakayonichukua. Hayo nilikuficha kwa sababu umewatangazia watu.

Sasa nami nakuuliza. Kanuni umeielewa. Maumivu unayo. Kwa nini hutaki?

Mjukuu wako.

3 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hasira zako nimezipokea, ni haki yako. Za kwangu nimezimalizia kwa baba yako mdogo, siku mbili hali mayai ya kuku wake kwa huzuni.

Nitakujibu. Mahakamani nilijifunza kwamba shahidi mbaya kuliko wote ni ndugu. Mtu baki akisema mshtakiwa ni mwizi, watu wanajiuliza kama ana kisa naye. Ndugu akikohoa tu vibaya, kesi imekwisha. Basi fikiria mimi, bibi wa daktari wa mifupa, napanda basi hadi hospitali anayofanya kazi mjukuu wangu, napita mbele ya mlango wake, naenda kulala chini ya mkono wa mwanamume. Nani ataniuliza kanuni? Watasema hata damu yake haimwamini. Katibu wa mtaa atalisema hapa, wagonjwa watalisema huko, na siku ukisimama mbele ya mama kama huyo aliyechukua kadi yake, litakuwa limeshamfikia. Nikaona heri nikae na maumivu kuliko kwenda kutoa ushahidi dhidi yako kwa mguu wangu.

Na kanuni yako, nikuambie kweli, sikuiamini. Nilidhani umeitunga kwa sababu wanakunyima kazi na unaona haya kuniambia. Kumbe nilikuwa nimepatia nusu. Nikasema nitangoja hadi wakuachie. Sikujua mguu utaenda haraka namna hii. Sasa hivi hata nikitaka kusimama dirishani lazima niite mtu.

Ninaogopa, mwanangu. Hilo nalo liandike.

Bibi yako.

15 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa na kofia kichwani mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Siku ya pili nilikwenda ofisini kwa Mkuu. Ofisi yake ina kiti kimoja tu, chake, ili watu wasikae. Nikamwambia nina bibi, nikamweleza mguu wako, nikamwomba akupasue yeye. Akaacha kuandika.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hapa hakuna mkono kama wako," nikamwambia. "Nimesimama karibu nao miaka minne. Najua ninachokiomba."

Akaniangalia muda mrefu, hata nikaanza kusoma vichwa vya vitabu vilivyoko nyuma yake. Kwa kuwa mlango nilikuwa nimeshaufungua, nikamalizia na lililobaki, kwamba nyundo ile anayoichukua kwangu naiweza. Alisema tu, "Mlete," akarudi kwenye karatasi zake.

Bibi, wakisema, na waseme. Unaniogopea maneno ya watu, na mimi nimeyasikia tangu siku ya kwanza nilipoulizwa chai iko wapi. Nayaweza. Nisichokiweza ni kukaa hapa nikisimamisha bibi za watu wakati wa kwangu anauma mto. Nikikosa mtihani nitalia, halafu nitatafuta njia. Ukikosa mguu hakuna njia ya kutafuta. Nakupenda kuliko cheo hiki, na cheo hiki nakipenda sana, kwa hiyo pima mwenyewe.

Kitanda chako ni tarehe ishirini na nne Agosti. Kesho yake vipimo, siku inayofuata upasuaji.

Nakungoja.

22 Julai

Mke mwenzangu,

Nimesoma. Nakuja. Mwambie huyo asiyeongea kwamba mimi naongea, ajiandae.

Bibi.

30 Agosti

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Umeamkaje? Nakuandikia kutoka nyumba ya wageni karibu na chuo tutakapofanyia mtihani. Chumba kina meza, taa na bomba linalodondosha, nimelifunga kitambaa. Niliondoka umelala, muuguzi akanikataza kukuamsha, na barua hii nimempa dereva wa hospitali aliyetuleta. Kuna mambo hukuyaona kwa kuwa ulikuwa usingizini, na mengine nadhani mimi ndiye sikuyaona.

Jioni ya kabla ya upasuaji wako, Mkuu alinikuta kwenye korido. Akaniambia mgonjwa wa kitanda cha jirani yako naye ni kesho asubuhi, na nyonga yake ni yangu. Ni yule mama aliyechukua kadi yake mwezi wa sita, maumivu yalikuwa yamemrudisha. Nikamwambia Mkuu kwamba yule mama alishanikataa. Akasema, "Siwezi kuwa vyumba viwili," akaenda zake. Usiku huo sikulala. Nilijua atanikataa tena, na safari hii wewe utakuwa kitanda cha pili, unasikia kila neno.

Asubuhi nilipoingia na fomu ya ridhaa, akaniomba kalamu. Akasaini bila kuniuliza kitu. Akaniambia tu nihakikishe nimekunywa chai.

Vyumba vya upasuaji vimetenganishwa na ukuta mmoja, wewe huku, yeye huku. Niliishusha meza hadi kimo changu, kigoda nikakisukuma pembeni kwa mguu. Mkuu alikuwa hatua chache, ningeweza kuitisha msaada, lakini kwa mara ya kwanza hapakuwa na mkono wa kuchukua nyundo. Bibi, chuma kile kinapoingia kwenye mfupa, unakisikiliza. Kikiwa bado, nyundo inalia kwa uzito, kikishakaa mahali pake mlio unabadilika, unakuwa mkavu, hapo unaacha, maana pigo moja la ziada linaweza kupasua mfupa. Nilikuwa katikati ya kusikiliza wa kwangu nikasikia nyundo ya pili ukutani. Nikajua ni yeye, na ni wewe. Mkono ukasimama. Nikaanza kuhesabu mapigo yako, nikitafuta mlio wako ubadilike, na mgonjwa wangu amelala wazi mbele yangu.

Muuguzi mkuu wa vyumba vya upasuaji ni mama mtu mzima, amefanya kazi humo tangu kabla sijazaliwa. Hakunigusa. Alisema taratibu, "Daktari, wako ni huyu."

Nikarudi. Sikukusikia tena, sikusikia kitu chochote ila mfupa wa yule mama, na ulipobadilika mlio nikaacha. Kanuni ile niliyokuandikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeisoma vitabuni. Siku hiyo nimeielewa.

Mkuu alikuja nimeshamaliza kushona. Akatazama picha ya mfupa, akaukunja mguu wa mgonjwa, akaunyoosha, akauzungusha. Akasema mguu wako, Bibi, umekaa vizuri pia. Kisha akaomba fomu yangu ya mtihani, akaweka sahihi pale pale, juu ya meza niliyoishusha, na ilimbidi ainame.

Mtihani ni kesho kutwa. Lakini kabla sijafungua vitabu nataka kujua jambo moja. Wauguzi wanasema wewe na yule mama mliongea hadi taa zikazimwa. Ulimwambia nini?

Mjukuu wako, mwenye usingizi na furaha.

4 Septemba

Mke mwenzangu,

Marahaba, na pole kwa bomba. Muuguzi amenisaidia kukaa, ameniwekea trei ya chakula niandikie, kwa hiyo mwandiko ukipinda umlaumu yeye. Mtihani umeshaufanya sasa. Majibu yatakuja yanapotaka. Dua nimeshazimaliza, zilizobaki nimejiwekea.

Hapa chakula ni laini, mashuka ni magumu, na baba yako mdogo amekuja na mayai ya kuchemsha kugawa wodi nzima. Mkuu wako anapita kila asubuhi. Nimeongea kama nilivyoahidi. Jana alinijibu sentensi nzima, wauguzi wakageuka kutazama.

Umeuliza nilimwambia nini mwenzangu. Sikumwambia kitu, yeye ndiye aliyeuliza. Tulipokwisha kujuana, wajukuu wangapi, maumivu yalianza lini, aligeuka upande wangu akaniuliza swali lile lile nililokuwa nikilikimbia mwaka mzima. "Kama huyo mjukuu wako ni hodari, mbona wewe unapasuliwa na Mkuu?"

Nikasema moyoni, kumekucha, hili ndilo lililonifanya ninyauke. Nilijua nikimtajia kanuni ataitikia kwa heshima na asubuhi atachukua kadi yake. Basi nikafunua shuka. Nikamwonyesha paja la kulia, kisha la kushoto, lilivyokonda mpaka ngozi inaning'inia. Nikamwambia, "Wanamkataza kunigusa mimi. Huu mguu umefika hapa kwa kumngoja yeye. Wewe ungemngoja hivi mtu usiyemwamini?"

Aliliangalia lile paja. Akanifunika mwenyewe, kwa mkono wake. Akaniuliza kama unakunywa chai asubuhi kabla ya kazi, nikamwambia huwa unasahau.

Nilidhani ule mguu ungekuja kusema vibaya juu yako. Nilijuta kuungojesha, na bado najuta, maana mtu wa mazoezi anasema nitachukua muda kuliko wengine, nyama zilikwisha mno. Wala sitaki uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Lakini nimesimama, mwanangu. Jana nimesimama dirishani bila kuita mtu, nikaona paa la jikoni na paka wawili juu yake, nikalia.

Mwenzangu ananipita. Juzi alifika mlangoni na kurudi, jana amekwenda hadi kwa wauguzi kuomba sukari ambayo haihitaji. Kina mama wa vitanda vingine wanaongojea zamu zao wanamtazama anavyopita, kisha wananitazama mimi niliyeshikilia fremu ya kutembelea, wananiuliza mimi, kwa kuwa ndiye mwenye mdomo, yule amepasuliwa na nani. Sijibu. Namwachia aseme mwenyewe, na kila akipita anasema kwa sauti kubwa zaidi.